Mzinga wa Binti wa Kitabuni

Mimi nyuki nawaogopa, na hilo naliweka wazi mapema ili mtu asije akadhani hapa nasimulia ushujaa wangu. Nimezaliwa Singida mjini, nyumba ya wauza vitambaa. Baba alikuwa na duka la kanga na mashuka karibu na soko, na asali niliyoijua utotoni ni ile ya kwenye chupa, imefunikwa, imetulia. Nilipopangiwa kufundisha shule ya msingi huku kwenye njia ya kwenda Rungwa, mama alilia kwa sababu ya simba. Nilimwambia simba wako porini kwao. Hakuna aliyenionya kuhusu nyuki.

Kijiji chetu kinaishi kwa mahindi, alizeti na asali. Ukiingia porini nusu saa tu kwa miguu unaanza kuiona mizinga juu ya miti, mingine ya magogo, mingine ya magome. Kila mmoja umechongwa alama ubavuni: mikato miwili, duara, mfano wa unyayo wa kuku, kila mtu na yake. Alama ndiyo hati. Mzinga ukianguka njiani hauguswi mpaka mwenye alama aitwe, hata kama asali inachuruzika mchangani. Na mzee akitaka kumwingiza mwanawe kwenye kazi humpa alama yake, na mtoto huongeza mkato mmoja wa kwake. Hayo yote nilikuja kuyajua baadaye, tena kwa aibu.

Mambo yalianza na vitabu sita. Vililetwa kwenye boksi moja na chaki: riwaya fupi ya watoto, nakala sita kwa darasa la tano lenye wanafunzi sitini na mmoja. Hadithi yenyewe ni ya binti aliyefiwa na baba. Baba kaacha mzinga mmoja tu porini, baba mdogo anautaka, na binti anaondoka nyumbani na wadogo zake wawili kwenda kuutafuta kabla baba mdogo hajaufikia. Anafika amechelewa. Asali imekwisha kuchukuliwa, nyuki wamekimbia, mzinga umetupwa chini. Anautengeneza, anautundika tena, anakaa chini ya mti kungoja. Kitabu kinaishia hapo. Nilikisoma kwa siku moja nikalia, nikaapa hakitafungiwa kabatini.

Nilimwendea mwalimu mkuu. Ni mtu mwema, lakini neno ukaguzi humharibia chakula. Nikamwomba vipindi viwili vya mwisho vya Ijumaa, watoto wasome kitabu kizima, na kila wakifika mahali wafanye kazi kutokana nacho, waandike, wachore, wafinyange, waigize. Akaniuliza swali la mtihani liko wapi humo. Nikamwambia mtoto anayechoka kwenye ukurasa wa pili hata huo mtihani atausinzia. Tukavutana hapo, maana mimi nikianza kubishana sinyamazi, hilo hata mume wangu analijua. Mwisho akakubali, lakini mpaka wakaguzi waje.

"Wakija wakakuta watoto wanachezea udongo, mwalimu, kipindi hicho kimekufa," alisema. "Na mimi nitasema sikujua."

Basi tukaanza. Kitabu kimoja watoto kumi, mmoja anasoma, wengine wanafuata kwa vidole mpaka kurasa zikaota weusi pembeni. Kazi ya kwanza ilikuwa barua. Niliwaambia wamwandikie yule binti, wamweleze chochote. Wengi waliandika kama tulivyowafundisha, kwamba wao ni wazima wa afya, hofu na mashaka ni juu yake yeye aliye mbali. Mmoja alimwomba mpira. Mwingine alimwonya asipite njia ya bondeni kwa kuwa kuna tembo. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wakauliza kama nimepokea mshahara.

Kulikuwa na barua moja fupi. Iliandikwa na msichana wa dawati la tatu, upande wa dirishani, mtoto mkimya ambaye nilimfahamu zaidi kwa jina la babu yake, mrina asali anayeheshimika hapa kijijini. Aliandika hivi: "Dada, shikamoo. Wewe una bahati baba yako alikuachia mzinga. Kwetu kaka zangu wawili wamepewa alama ya babu. Mimi nimeomba, babu amesema msichana hapandi mti, alama ataipeleka wapi. Mimi kuchonga najua. Kupaka najua. Nilijifunza kwa kumtazama. Nataka alama tu."

Nikaweka tiki nyekundu nikaandika "vizuri sana". Wallahi, ndicho nilichoandika, kisha nikachukua barua iliyofuata.

Kazi ya pili ilikuwa ramani ya safari ya yule binti, waliyoichora kwa mkaa juu ya mifuko ya sandarusi iliyoshonwa pamoja. Kitabu hakisemi ni nchi gani, wao hawakujali. Waliweka lambo letu la ng'ombe, wakaweka geti la pori la akiba, na pembeni kabisa wakaweka stesheni ya Manyoni ili binti akizidiwa apande treni. Kazi ya tatu ilikuwa kumshitaki baba mdogo. Kijana aliyecheza baba mdogo alijitetea vizuri kiasi kwamba nusu ya darasa ilitaka aachiwe, tukafika muda wa kufunga shule bado tunabishana.

Ijumaa moja yule msichana wa dirishani akanyoosha kidole. Hakuwa na kawaida hiyo.

"Mwalimu, huyu binti aliujuaje mzinga wa baba yake?"

"Si imeandikwa hapo. Aliuona akaujua."

"Kwa alama gani? Haijaandikwa."

Ilikuwa saa nane na nusu, joto limeshika bati, na mimi nilikuwa na kurasa zangu nilizopanga kuzimaliza. Nilimwambia akae chini aache kutafuta makosa, kitabu kimeandikwa na mtu mzima mwenye akili zake. Akakaa. Lakini darasa lilianza kunung'unika, tena wavulana ndio walioanza. Wakasema porini mizinga ni mingi, kwa sura haijulikani, mtu akishusha mzinga kwa kubahatisha anaitwa mwizi. Mmoja akasema wazi kwamba aliyeandika kitabu hajawahi kuona mzinga. Hata mimi nilikuwa sijawahi kuutazama mzinga, zaidi ya kuukimbia.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nimechukia, na nilipochunguza nikakuta najichukia mwenyewe. Nilimfokea mtoto kwa kuwa anajua jambo nisilolijua. Nikaitoa ile barua yake, nikaisoma tena, safari hii bila kalamu nyekundu mkononi. Niliona haya kweli.

Ijumaa iliyofuata nilisimama mbele nikaomba radhi. Nikasema kitabu kina pengo na pengo hilo watalijaza wao. Kila mmoja ampe yule binti alama yake, aichonge kwenye mzinga wa aina yoyote anayoweza kuutengeneza, na aeleze kwa nini alama ni hiyo.

Wiki ile darasa lilijaa mizinga ya udongo, ya maboksi ya sabuni, ya makopo. Yule msichana akaja na mzinga wa kweli. Alikuwa ameutengeneza kwa gome, akaufunga kwa kamba za miti, akaubeba kichwani kutoka kwao. Alama ilikuwa mistari miwili iliyokatana na nukta tatu chini yake. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba mistari ni njia mbili, ya binti na ya baba mdogo, na nukta ni yule binti na wadogo zake. Nikachungulia ndani ya mzinga nikaona umepakwa kitu cheusi chenye harufu tamu.

"Umepaka nini humu, rangi ya viatu?"

"Nta, mwalimu."

"Ya nini?"

"Ndivyo unavyopakwa."

Nikampa alama zote na nikaendelea na mwingine. Hapo ndipo mtu wa mjini alipojulikana. Mtoto wa hapa hawezi kutengeneza mzinga akaacha kuupaka nta, hata uwe wa maonyesho, kama mama asivyoweza kusonga ugali bila kuweka maji. Na kila mtu hapa, isipokuwa mimi, anajua nta inapakwa ili iwaite nyuki.

Wakasema mzinga ukiwekwa chini si mzinga. Basi wavulana wakautundika kwenye mti wa mjohoro nyuma ya darasa letu, yeye akiwa chini anawaelekeza uinamie upande gani. Tukaumaliza mwezi salama. Watoto walishamaliza kitabu na walikuwa wamekasirika, kwa sababu kimeisha nyuki hawajarudi. Walisema huo si mwisho. Niliwaambia waandike mwisho wao, wakawa wanaandika.

Nyuki walikuja Jumanne, kipindi cha hisabati. Kwanza nilisikia mvumo, nikadhani ni gari la mizigo. Kisha dirisha likawa na kivuli. Nilipogeuka nikaona hewa yote ya nje imejaa vitu vyeusi vinavyozunguka, na nasema bila kuficha, chaki ilinidondoka nikaingia chini ya meza ya mwalimu. Sauti iliyotawala darasa haikuwa yangu.

"Laleni. Msipige kelele. Funga dirisha taratibu." Ni yule msichana. Wenzake wakamtii kama walivyopaswa kunitii mimi. Tulilala sakafuni muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno, mpaka mvumo ukapungua. Akanyanyua kichwa akachungulia.

"Wameingia, mwalimu," alisema. "Wamekuja kwa yule binti."

Hakuna mtoto aliyeumwa. Aliyeumwa ni mwalimu mkuu, aliyetoka ofisini kuuliza kelele gani. Sikio lake la kulia lilivimba likawa kama andazi, na akiwa na sikio hilo akaniita ofisini. Alikuwa na habari nyingine pia: wakaguzi wamepiga simu, wanakuja Jumatatu.

"Mlinzi ataleta mafuta ya taa leo jioni. Unachomwa," alisema. "Na kile kipindi chako kiishie hapo hapo. Nilikwambia."

Nilichemka. Nilisema mengi, mengine ya haki na mengine ya hasira. Nilimwambia watoto hawa walikuwa wanasoma kwa kulazimishwa na sasa wananyang'anyana vitabu. Akanijibu kwamba kitabu hakitibu mtoto aliyeumwa na nyuki mia, na hilo, kusema kweli, lilikuwa la haki. Hapo tukasikia hodi. Alikuwa yule msichana, mikono nyuma.

"Shikamoo mwalimu. Mzinga hauchomwi. Una mwenyewe."

 Mwalimu mkuu naye ni mtu wa maeneo haya, wa upande wa Mgori, na nadhani neno lile lilimgusa mahali. Akasema basi, kesho aitwe babu yake aje na wenzake wauondoe. Wakishindwa, mafuta ya taa yapo.

Wazee watatu walifika kesho yake asubuhi. Tulishawahamishia watoto wote madarasa ya mbele. Babu yake ni mtu mfupi, mkali, asiyesikia vizuri sikio moja, na hana muda wa maneno mengi. Tulimwamkia, akaitikia marahaba huku anatembea. Akausogelea mjohoro kama mimi ninavyosogelea sufuria langu, akaona alama, akasimama.

"Hii siijui," alisema. "Ya nani?"

Wanafunzi wangu, waliokuwa wamejipanga mbali kwenye kibaraza, wakajibu kwa pamoja kwamba ni ya yule binti. Binti gani? Wa kwenye kitabu. Nilingoja wazee wacheke. Hawakucheka. Babu akarudi hatua tatu nyuma, akaiweka mikono yake mgongoni.

"Basi mwenyewe aitwe. Mimi sigusi alama ya mtu."

"Mzee," mwalimu mkuu alisema, "huyo mtu hayupo. Ni hadithi."

"Alama ipo, siioni? Na nyuki wapo. Nani kaichonga?"

 Yule msichana akatoka mbele. "Mimi, babu."

"Wewe."

"Ndiyo, babu."

"Alama haichongwi kwa mchezo."

"Sikuchonga kwa mchezo."

Mzee alimtazama sana. Akasema wataongea nyumbani. Roho iliniuma, kwa sababu kazi niliyoitoa mimi ndiyo iliyomfikisha hapo. Alitaka alama kwa babu yake kuliko kitu chochote, na mimi nimemfanya aonekane mtu anayezichezea alama.

Kisha mzee akauliza swali moja tu. "Hicho kitabu kipo?"

"Kipo," nilisema.

"Kisomwe. Tujue mwenyewe ni nani."

Mwalimu mkuu aliniangalia, nami nikamwangalia. Hakuna kitabu cha mwongozo wa ukaguzi kinachosema ufanye nini hapo. Tukakubaliana wazee warudi kesho, Alhamisi mchana.

Siku hiyo ya Alhamisi, kabla ya kuingia, nilimuuliza mtoto babu yake amesema nini nyumbani. Akasema hajasema kitu, anamwangalia tu. Hilo halikunituliza.

Tulikutana darasa la kwanza, kwa kuwa ndilo la mbali zaidi na mjohoro. Wazee walikaa kwenye madawati ya watoto wa miaka saba, magoti yamefika kifuani. Darasa la tano lote likabanana sakafuni. Watoto walisoma kwa zamu, na niseme jambo moja hapa: sijawahi kusikia watoto wakisoma hivyo. Wale wale waliokuwa wanaburuta herufi kwa vidole sasa walisoma kwa sauti inayofika nyuma, kwa sababu mzee mmoja hasikii na jambo lenyewe ni la kweli. Babu aliwasimamisha mara kwa mara. Baba mdogo alipofukiza mzinga kwa gazeti, mzee akasema gazeti litawachukiza nyuki, atumie kinyesi cha ng'ombe kikavu. Baba mdogo alipodanganya, mzee wa pili akasonya. Mwalimu mkuu, aliyekuja kusimama mlangoni dakika mbili, alikuwa ameshavuta kiti.

Sura ya mwisho aliisoma yule msichana. Alisimama, kitabu mikononi. Alisoma jinsi binti alivyoukuta mzinga umetupwa, jinsi alivyoutengeneza, jinsi alivyoutundika. Alisoma jinsi alivyokaa chini ya mti na wadogo zake. Kisha akafunga kitabu.

Babu akangoja. "Na nyuki wakaja?"

"Kitabu kimeishia hapo, babu."

Mzee akageuza shingo akatazama dirishani, upande wa mjohoro. 

"Walikuja," alisema.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kubishana siku ile, nimepanga hoja zangu zote, na badala yake nikawa nafuta machozi kwa ncha ya mtandio mbele ya wanafunzi wangu. Sikuona haya.

Mwalimu mkuu alikohoa. Akasema yeye hana neno tena juu ya kuchoma, mzinga wa mtu hauchomwi, lakini watoto hawawezi kusoma ubavuni mwa nyuki, na sasa mwenyewe hayupo kutoa ruhusa ya kuuhamisha. Alisema hivyo bila kutania hata kidogo. Mtu aliyeniuliza swali la mtihani liko wapi, leo anaomba ruhusa kwa binti wa kitabuni. Nilimpenda sana wakati ule.

"Ana ndugu?" babu aliuliza.

Sijui nani aliyeinuka kwanza. Nilichoona ni kwamba darasa la tano lote lilikuwa limesimama, watoto sitini na mmoja, hata yule aliyecheza baba mdogo.

"Basi ndugu wametoa ruhusa," mzee alisema, akaomba asaidiwe kutoka kwenye dawati.

Jioni ile warina asali waliushusha mzinga wakauhamishia mwisho wa shamba la shule, ng'ambo ya alizeti, wakautundika kwenye tawi la chini, mahali pasipopitwa na mtu. Jumatatu wakaguzi walikuja wawili, mwanamke na mwanaume. Mwanaume aliangalia maandalio yangu ya masomo. Mwanamke alisimama mbele ya ramani ya sandarusi na barua zilizobandikwa ukutani, akauliza huyu anayeandikiwa ni nani. Sikupata nafasi ya kujibu. Watoto walimweleza wote kwa wakati mmoja, kuanzia baba mdogo mpaka sikio la mwalimu mkuu, naye mwalimu mkuu akawa anatazama dari. Mama yule akaomba kitabu aangalie. Muda wa kuondoka ulipofika, mwenzake alimkuta bado amekaa dawati la nyuma anasoma, akamwambia gari linangoja, akamjibu bado kurasa nne.

Kipindi cha Ijumaa kiliendelea. Mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyekuja kuniambia, na aliongeza kwamba ametafuta vitabu vingine kwa shule jirani, tubadilishane. Nilitaka kumkumbusha alichosema kuhusu udongo. Nikajizuia, na kwangu hiyo si kazi ndogo.

Lakini mtoto wangu wa dirishani hakuwa na raha. Babu yake hakumfokea na hakumsifu. Miezi ilipita, alizeti ikavunwa, na kila nilipomuuliza alisema babu hajasema kitu. Nilifikiri nimwendee yule mzee nimwombe. Mume wangu akanikataza, akasema mdomo wangu huu ungeharibu.

Mwezi wa sita, kabla ya likizo, babu alituma salamu kwamba mzinga umeiva. Alikuja jua likiwa limepoa, na bunda la kufukizia, na ndoo, na nyuma yake kaka wawili wa yule msichana wamebeba mzinga mpya wa gogo, umefunikwa na gunia. Darasa la tano tulisimama mbali, mimi mbali kuliko wote. Mzee aliwasha moshi, akaufikia mzinga, akasimama palepale aliposimama siku ile. Akageuka.

"Mimi sina alama hapa," alisema. "Njoo wewe, ndugu yake."

Msichana alitoka kwenye mstari. Babu akampa bunda la moshi, akarudi nyuma. Nilishika mkono wa mwalimu mwenzangu nikamfinya. Mtoto alifukiza taratibu, akafungua kifuniko, akaingiza mkono. Alikata sega moja, la pili, la tatu, na mengine akayaacha, akafunga. Hakukosea hata mara moja. Kaka zake walimtazama midomo wazi, na nilifurahi kwa nguvu, furaha yenye ukali ndani yake.

Sega la kwanza, darasa likaamua, ni la mwenyewe. Wakaliweka kwenye sahani ya ofisini, juu ya meza yangu, pembeni ya kitabu. Yaliyobaki tuliyala kwa vidole, wazee, walimu na watoto, mpaka madaftari yakanata. Asubuhi sisimizi walikuwa wamelimaliza lile la mwenyewe, na watoto wakaridhika kwamba amelipata.

Kabla giza halijaingia babu alifunua ule mzinga wa gogo. Ubavu wake ulikuwa mtupu. Akachuchumaa, akatoa patasi, akaanza kuchonga. Nilijua alama yake kwa wakati huo, nilishaiona porini: duara lenye mkato juu. Alichonga duara, akachonga mkato. Hapo wanawe wote walipewa patasi wakaongeza wa kwao, na wajukuu wa kiume pia. Hakuwahi kuwepo msichana.

Mzee akapuliza vumbi la mti, akamnyooshea mjukuu wake patasi.

"Malizia," alisema.

Msichana alipiga magoti mbele ya mzinga. Alifikiri kidogo, kisha chini ya duara la babu yake akatoboa nukta moja, kama zile tatu za kwenye mzinga mwingine. Babu aliigusa kwa kidole gumba kuona kama ina kina cha kutosha.

"Nani atanipandishia?" mtoto aliuliza.

"Kaka zako watapanda," babu alisema. "Wewe utakuwa chini unawaelekeza."

Kaka zake wakabeba mzinga wakatangulia, na yeye akafuata nyuma yao, patasi bado iko mkononi.